Kabla fundi hajapanda juu ya paa lako

ILIKUWA Jumamosi asubuhi, wiki mbili hivi kabla ya mvua za masika kuanza, jirani yangu katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, alipoleta mafundi watatu kumbadilishia paa. Paa lenyewe lilikuwa kuukuu, la rangi ya kijivu, limeota kuvu na lilikuwa likivuja mahali patatu. Alikuwa amekwisha kununua mabati mapya ya rangi na yalikuwa yameegemezwa ukutani yaking'aa.

Mafundi hao walipanda kwa ngazi ya mbao, bila kofia ngumu wala mkanda wa usalama. Wakaanza kulipasua lile paa kwa nyundo na kuvitupa vipande uani. Kila kipande kilipogonga chini kilitoa wingu la vumbi jeupe. Mmoja wao alikuwa amejifunga leso puani. Wenzake hata hiyo leso hawakuwa nayo. Watoto wa ploti ile walisimama kando wakishangilia.

Nilimuuliza kiongozi wao kama anajua anachokivunja. Alicheka.

"Mkubwa, hii ni simiti tu. Nimetoa hizi miaka kumi na niko sawa."

Simiti ilikuwamo, ni kweli, lakini haikuwa peke yake. Paa lile lilikuwa la asbesto. Na miaka kumi ni michache mno kwa mtu kujitangaza kuwa salama, kwani maradhi yatokanayo na asbesto huchukua miaka 20 hadi 40, wakati mwingine hata zaidi, kabla ya kujitokeza.

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini, nayo yana nyuzi nyembamba ajabu. Zamani yalipendwa sana na wajenzi kwa sababu hayashiki moto, hayaozi, na yakichanganywa na simiti hutoa mabamba imara ya bei nafuu. Ndiyo maana nyumba nyingi za kupanga, shule, zahanati na ofisi za serikali zilizojengwa hapa nchini katika miongo ya kabla na baada ya uhuru ziliezekwa kwa mabamba hayo. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006, lakini marufuku hayakuyashusha mapaa yaliyokuwa tayari juu. Mengi yangali juu ya vichwa vya watu hadi leo.

Bamba linapovunjwa, kukatwa kwa msumeno, kutobolewa au kusuguliwa, nyuzi hizo hutoka na kuelea hewani. Ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Mtu akizivuta huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa. Hukaa humo zikichokoza nyama ya mapafu mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yake ni ya aina kadhaa. Upo ugonjwa uitwao asbestosisi, ambapo mapafu hujaa makovu na mgonjwa akatweta hata kwa kupanda ngazi chache. Ipo saratani ya mapafu. Ipo pia mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu au tumbo, ambayo karibu siku zote chanzo chake ni asbesto na matibabu yake ni magumu mno. Kwa mvutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Wala si fundi peke yake anayedhurika. Katika nchi ambako asbesto ilitumika sana viwandani, madaktari walikuta wagonjwa ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani hata siku moja. Walikuwa wake waliofua nguo za kazi za waume zao, na watoto waliowakimbilia baba zao mlangoni jioni.

Usije basi, msomaji, ukatoka mbio kwenda kuling'oa paa lako leo. Bamba la asbesto lililo zima, lisilopasuka wala kumomonyoka, halitoi nyuzi nyingi. Kulala chini yake usiku mmoja si sawa na kumeza sumu. Wataalamu wengi hushauri kwamba kama li zima, liachwe hapo lilipo, lichunguzwe mara kwa mara, na lisiguswe. Hatari kubwa huletwa na kazi yenyewe. Paa linalovuja kidogo ni afadhali kuliko paa lililobomolewa na mtu asiyejua.

Utalitambuaje? Nyumba ikiwa ilijengwa kabla ya 2006, na paa lake ni mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi mapana, unene wake kama wa penseli au pungufu kidogo, na ukiligonga polepole linatoa sauti nzito badala ya mlio wa bati, lichukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Wengine wamelipaka rangi, kwa hiyo rangi isikudanganye. Yapo mabamba ya kisasa yanayofanana nayo ambayo hayana asbesto, na anayeweza kukata shauri ni maabara tu. Usivunje kipande ili kutazama. Kumbuka pia kwamba mabomba ya moshi na mifereji ya maji ya nyumba za zamani mara nyingine ni ya asbesto vilevile.

Tuje sasa kwa fundi.

Mwaka 2011 sheria ilianzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambayo husajili wakandarasi katika madaraja manane, la kwanza likiwa la kazi kubwa kabisa na la nane likiwa la kazi ndogo. Mamlaka hiyo pia huwapa vyeti mafundi wenye ujuzi. Leseni ya mkandarasi huhuishwa kila mwaka. Akikuonyesha cheti, tazama tarehe, linganisha jina na kitambulisho chake, kisha uulize katika ofisi za NCA kama jina hilo limo kwenye daftari lao. Hilo si tusi. Fundi aliyesajiliwa amekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi na hataona haya.

Lakini kwa paa la asbesto cheti hicho peke yake hakitoshi, na hapa ndipo wengi hukwama. Mabaki ya asbesto ni taka hatari kwa mujibu wa sheria zetu za mazingira. Ni sharti yachukuliwe na mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na yapelekwe mahali palipoidhinishwa ili yafukiwe. Nenda kwanza katika ofisi ya NEMA ya kaunti yako, uwaarifu kuhusu paa lako na uombe majina ya wenye leseni. Ukisikia fundi akisema, "Hayo mabaki niachie, nitajua pa kuyapeleka," jua yanakwenda kando ya mto, au yanakwenda kuezeka banda la kuku la mtu.

Mwenye kuijua kazi hii utamtambua kwa namna anavyoianza. Atawaondoa watu na wanyama, atafunga madirisha na kufunika matangi ya maji. Watu wake watavaa mavazi yanayofunika mwili mzima na barakoa yenye kichujio maalumu cha vumbi laini, kwani leso na barakoa za hospitali hazizuii nyuzi hizi. Atalilowesha paa kwa maji ya mnyunyizo mwepesi, si kwa mpira wenye kasi. Atafungua misumari na parafujo na kulishusha bamba likiwa zima, mkono kwa mkono. Mabamba yatafungwa katika karatasi nzito za plastiki mara mbili na kuandikwa onyo. Mwisho wa kazi uwanja utapanguswa kwa vitambaa vya maji. Ukiona mtu ameshika fagio kavu, msimamishe.

Ni kweli kwamba haya yote yana gharama, na gharama hiyo ndiyo inayowafanya wenye nyumba kutafuta njia ya mkato. Mimi sioni ni haki mpangaji aachiwe mzigo huo. Paa ni la mwenye nyumba. Mpangaji amwandikie barua, abaki na nakala, na akipuuzwa aende NEMA au kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti.

Kuna hatari nyingine isiyongoja miaka 20. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wajenzi popote duniani, na bamba kuukuu la asbesto huvunjika ghafla chini ya mguu bila hata kulia. Wako mafundi wanaoamini kwamba ukikanyaga penye mstari wa misumari hutatumbukia. Wasikilize kwa adabu, lakini usikubali. Panatakiwa mbao za kutembelea, mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara, na ngazi iliyoshikwa au kufungwa.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mwombe mkandarasi akuonyeshe hati ya bima hiyo kabla hujampa malipo ya kwanza. Ukimwokota kijana njiani na kumpandisha juu kwa ujira wa siku, naye akavunjika uti wa mgongo uani mwako, huenda mwajiri ukawa ni wewe. Na akianguka, usimwinue wala kumkalisha. Mwache alivyolala, mzuie asigeuze shingo, na upige simu 999 au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Jirani yangu alimaliza kazi yake kwa siku moja na nusu, na mabati yake ni mazuri kweli. Vipande vya paa la zamani mafundi walivirundika nyuma ya ukuta wa ploti, kando ya njia ya kwenda dukani. Juma lililofuata niliwakuta watoto wanne wakivitumia kama chaki, wakichora mistari ya kuchezea kwenye lami.

Niliwanyang'anya, nikawaambia wakanawe mikono na uso. Lile rundo tulilinyunyizia maji tukalifunika kwa turubai, na Jumatatu jirani akaenda mwenyewe NEMA kuuliza ni nani mwenye leseni ya kuja kulichukua.