Uvimbe usiouma ulivyomlia mshikaji wangu taya!

Haya msomaji wangu, wiki hii tuache kidogo habari za nani kamwacha nani, tuongee meno. Usikunje sura. Sisi watu wa Arusha tumeshataniwa sana kwa ajili ya meno. Ukishuka tu Dar ukafungua mdomo kuuliza njia, mtu anakwambia, "Ah, wewe wa kaskazini!" Maji ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi mno, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka, yanatoka na rangi ya kahawia. Kule Ngurdoto kuna hadi kituo kinachochuja maji hayo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kama ulikuwa hujui.

Ubaya ni kwamba tumezoea. Kitu chochote kikitokea mdomoni tunasema: maji hayo!

Mshikaji wangu mmoja, konda wa Hiace za Usa River, alianza kuvimba taya la chini upande wa kushoto akiwa na miaka 21. Kidogo tu, na wala haumi. Abiria wakapata cha kusema: "Konda, meza kwanza hiyo pipi ndiyo utupe chenji!" Mimi nilikuwa siti ya nyuma nikacheka, nakiri, tena nilicheka sana. Mama yake akasema ni maji. Jirani akasema karogwa, kuna mtu anaitaka kazi yake. Gego likaanza kulegea, akaenda mahali fulani (sipataji), wakaling'oa, wakampa vidonge, wakamwambia nenda. Kidonda kikapona, uvimbe ukabaki. Kwa vile haukuuma, jamaa akaendelea kuning'inia mlangoni mwa gari miaka miwili mizima. Demu wake alianza kwa kukaa upande wa kulia tu, mwisho hakukaa upande wowote.

Siku alipopigwa picha ya eksirei, mfupa wa taya ulionekana umejaa matundu kama mapovu ya sabuni. Rufaa, basi, Muhimbili. Wakakata kinyama kidogo wakakipima, jibu likarudi: ameloblastoma.

Jina linatisha kuliko lenyewe. Kwa kawaida si kansa. Jino linapojengeka utotoni kuna chembe zinazofanya kazi ya kuliundia lile gamba gumu la juu. Kazi ikiisha zinatakiwa zistaafu. Kwa watu wachache sana, mabaki yake yanaanza kuota ndani ya mfupa, polepole, bila maumivu, yakiutanua na kuula. Maji yetu, pamoja na maovu yake yote, hayajathibitika kuhusika. Wala jirani. Duniani ni ugonjwa adimu, ila utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya uvimbe wote unaotokana na meno hapa Tanzania, huu ndio unaoongoza. Na vijana ndio unaowapenda.

Ukoo wenyewe una vituko. Kuna ndugu yake anaitwa odontoma, ambaye anaweza kuwa furushi la vimeno vidogo vidogo. Mwaka 2019 kule Chennai, India, madaktari walitoa vimeno 526 kwenye taya la mtoto wa miaka 7! Wewe mtu mzima unayejidai una 32 tu. Lakini huyo ni mpole, akishatolewa kwa kawaida harudi. Ameloblastoma ni korofi. Ukiikwangua tu, mara nyingi inarudi, hata baada ya miaka kumi. Ndiyo maana ikiwa kubwa madaktari hukata kipande cha mfupa pamoja nayo, halafu wanaunga taya kwa bamba la chuma na skrubu. Ukiwahi unakatwa kidogo. Mshikaji hakuwahi.

"Laiti ningepigwa picha siku ile ya gego," aliniambia, akishika pale palipo na chuma. Baba yake aliuza ng'ombe wawili. Yeye alikunywa mtori kwa mrija wiki nyingi, huku sisi wenzake tukimletea stori za kijiweni na kukwepa kumwangalia usoni. Mimi nilikuwa wa kwanza kukwepa.

Kazini karudi. "Tengeru" inatoka vizuri, ila "Usa" inatoka na mate, kwa hiyo siku hizi hapigi kelele sana, anapiga bodi la gari kwa kiganja. Mahindi ya kuchoma kaachana nayo. Kila mwaka anapanda basi kwenda Dar kupigwa picha, na mpaka sasa taya ni safi.

Tabu imehamia kwa abiria. Anawakagua mashavu! Juzi alimkomalia dada mmoja kutoka Kilombero mpaka Tengeru, nenda hospitali dada yangu, usidharau, mimi mwenyewe nina chuma humu. Dada wa watu akavumilia weee, mwisho akaitema mkononi. Ilikuwa pipi kweli.