KIJIJI CHA MIZABIBU NA CHAMA CHAKE CHA USHIRIKA

Katika upande wa magharibi wa Ujerumani kuna mto mdogo uitwao Ahr, uteremkao katika bonde jembamba mpaka kuingia mto mkubwa wa Rhine. Kando yake kipo kijiji kidogo cha Mayschoss, ambacho wenyeji wake tangu kale hujipatia riziki kwa kulima mizabibu na kutengeneza divai. Kijiji hiki kina sifa kubwa kuliko ukubwa wake, na sababu yake yafaa ielezwe.

Mashamba ya Mayschoss si ya tambarare. Miteremko ni mikali, na mizabibu imepandwa juu ya matuta membamba yaliyokingwa kwa kuta za mawe. Udongo umejaa vipande vya mawe meusi, mfano wa vile vibao walivyoandikia watoto wa shule zamani. Mawe hayo hushika joto la jua mchana na kulitoa usiku, hata zabibu zikaiva vema ijapokuwa nchi ni ya baridi. Zabibu ipandwayo zaidi ni nyeusi, iitwayo Spätburgunder. Ndiyo ile Wafaransa waiitayo Pinot Noir.

Mavuno huwa mwezi wa Septemba na Oktoba, na kwenye miteremko vichala hukatwa kwa mkono. Zabibu hupondwa, kisha huachwa siku kadhaa pamoja na maganda yake, maana rangi nyekundu ya divai hutoka katika ganda, wala si katika maji ya tunda. Katika siku hizo hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Ndipo hukamuliwa katika shinikizo, na divai hutiwa katika mapipa ikomae ghalani, chini ya ardhi, penye baridi.

Lakini kujua kutengeneza divai ni jambo moja, na kujua kuiuza ni jambo jingine. Baada ya mwaka 1834, ushuru ulipoondolewa baina ya sehemu nyingi za Ujerumani, divai za kusini zilijaa sokoni. Mkulima wa Ahr, mwenye kishamba kidogo, alikwenda peke yake kwa mfanyi biashara, akapokea bei yoyote aliyopewa. Umaskini ulizidi, na wengine wakaihama nchi yao kwenda Marekani.

Mwezi wa Desemba, mwaka 1868, wakulima 18 wa Mayschoss walikubaliana kufanya shauri moja: kuweka mavuno yao pamoja, kutengeneza divai katika ghala moja, na kuiuza kwa jina moja. Mtu mmoja mmoja hakuwa na nguvu ya kukataa bei mbaya. Wote pamoja waliweza kungoja. Vijiji vya jirani viliiga mfano huo. Chama hicho, kilichoungana na kile cha Altenahr mwaka 1982, husifiwa kuwa ndicho kikongwe kuliko vyama vyote vya ushirika vya wakulima wa mizabibu duniani vilivyo hai.

Usiku wa tarehe 14 Julai, 2021, umoja huo ulijaribiwa vikali. Mvua kubwa iliufanya mto Ahr kufurika kupita kiasi. Watu zaidi ya 130 walikufa bondeni. Nyumba, madaraja na reli vilibomolewa, na ghala nyingi za divai zikajaa matope. Hata hivyo mizabibu ya milimani ilisalimika, nayo zabibu hazingojei msiba upite. Wakulima wa mizabibu kutoka sehemu nyingine za Ujerumani walikuja kusaidia kazi za shamba na mavuno. Chupa zilizotolewa matopeni ziliuzwa hivyo hivyo, bila kuoshwa, na fedha zilizopatikana, zaidi ya Euro milioni 4, zikawa za kuwasaidia waliopatwa na hasara.

Msomaji apelekaye kahawa au maziwa yake katika chama cha ushirika atafahamu mara moja jambo walilolifahamu wale watu 18. Kidole kimoja hakivunji chawa.