Paka na Nyama Mbichi: Tumpe au Tumpikie?

Siku moja kliniki ya wajawazito ilipokaribia kwisha, mama mmoja mwenye mimba ya miezi mitatu alibaki kwenye benchi wenzake wakiondoka. Tulidhani anaumwa. Kumbe alikuwa na shauri la paka. Jirani alimwambia kwamba mwenye mimba akikaa na paka, mtoto atazaliwa na maji kichwani, kwa hiyo amfukuze upesi. Mumewe naye hakutaka hata kusikia habari hiyo, kwa sababu tangu paka aje panya wameacha kutoboa magunia ya mahindi. Tena kila Jumamosi humletea utumbo na mapafu mabichi kutoka buchani, akisema kwamba paka asiyekula kibichi hupoteza ukali wake.

"Sasa Sista, nimsikilize nani?"

Tulimwambia kwamba jirani ana sehemu ya ukweli, na mumewe pia anayo sehemu yake.

Tuanze na mume. Paka si kama mbwa, ambaye anaweza kuishi kwa ugali na mchuzi. Yeye ni mnyama wa kula nyama tu. Karoti haimpatii Vitamini A kama inavyotupatia sisi, maana mwili wake hauwezi kuitengeneza kutokana na mboga. Vilevile kuna kitu kiitwacho taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki, ambacho paka hana budi kukila kila siku. Akikikosa kwa muda mrefu huharibikiwa macho, na moyo wake hutanuka na kulegea. Basi familia inayomlisha paka ugali mtupu na maziwa inamdhulumu, hata kama haikusudii.

Je, lazima nyama hiyo iwe mbichi? Wanaosema ndiyo hupenda kumtaja daktari mmoja wa California, Marekani, Francis Pottenger, ambaye kati ya mwaka 1932 na 1942 alifuga paka mamia kwa mamia. Waliokula nyama mbichi walistawi. Waliokula nyama iliyopikwa walidhoofika, na watoto wao wakadhoofika zaidi. Lakini miaka hiyo hakuna aliyejua kwamba paka anahitaji taurini. Jambo hilo lilionekana kwa upande wa macho mwaka 1975, na kwa upande wa moyo mwaka 1987. Taurini huyeyuka katika maji ya kuchemshia, na maji yakimwagwa nayo huenda zake. Kwa hiyo yaelekea paka wale walidhurika kwa kukosa virutubisho fulani, wala si kwa sababu moto wenyewe ni sumu. Nao ukali wa kuwinda hautokani na ubichi wa nyama: paka aliyeshiba chakula kilichopikwa bado atamvizia panya.

Kibichi chenyewe kina madhara yake kwa paka. Aina fulani za samaki wabichi wana kitu kinachoharibu Vitamini B1. Paka anayelishwa hao siku zote huanza kuyumba, shingo huinama hadi kidevu kugusa kifua, na mwisho hupata degedege. Kupika hukiua kitu hicho. Sisi wenyewe zamani tulikuwa tukimrushia paka wa jikoni matumbo mabichi ya samaki, tukijiona wakarimu. Maini nayo, yakiwa ndiyo chakula chake cha kila siku, humzidishia Vitamini A hata mifupa ya shingo ikashikana asiweze kujilamba mgongo. Na mtoto wa paka anayepewa mnofu mtupu hukosa madini ya chokaa. Mifupa yake huvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini.

Kuku waliokufa kwa ugonjwa ndio wa kuogopa zaidi. Mwaka 2004 huko Thailand, kwenye hifadhi moja ya chui-milia, wanyama hao walilishwa mizoga mibichi ya kuku yenye virusi vya mafua ya ndege. Kati ya 441, walikufa au kuuawa ili kuzuia ugonjwa 147. Chui-milia ni jamaa wa paka. Mwaka 2024 huko Marekani, paka wa nyumbani walikufa kwa virusi vya namna hiyo baada ya kula chakula kibichi cha dukani. Kwa hiyo kuku akifa ghafla bandani, asitupiwe paka. Afukiwe, na bwana mifugo apewe habari.

Sasa tuje kwa jirani. Katika nyama mbichi, na katika panya na ndege pia, huweza kuwamo kimelea kiitwacho toksoplasma. Paka akimla, aghalabu kwa mara ya kwanza akiwa bado mchanga, hutoa mayai ya kimelea kwa mamilioni katika kinyesi chake kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Baadaye ni nadra kuyatoa tena. Mayai hayo hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa, kisha hudumu miezi mingi katika udongo wenye unyevu. Mama akiyameza kwa mikono michafu au mchicha usiooshwa, naye hajapata kuambukizwa kabla, kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho au ubongo. Maji kichwani aliyoyasema jirani yaweza kutokana na hayo. Aliyeambukizwa miaka mingi kabla ya mimba, kwa kawaida mtoto wake yu salama. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kinga yake imeshuka yuko hatarini pia, na hii ni sababu moja ya kutoacha dawa zake, pamoja na Septrin kama ameandikiwa.

Lakini jirani alisahau jambo moja. Kugusa manyoya ya paka siyo njia kubwa ya kuupata ugonjwa huu. Mama anayekata utumbo mbichi wa paka kwenye kibao kile kile cha kachumbari, au anayeonja mishikaki isiyoiva, anajihatarisha zaidi kuliko anayempakata paka. Na nyama ile mbichi huweza kuleta vijidudu vya kuharisha kwa mtoto anayetambaa na kuchezea bakuli la paka. Watoto wa namna hii tunawatundikia maji wodini. Wazazi hawafikirii kuulizia bakuli.

Mtu atauliza: paka anayekula panya si anakula kibichi tu? Ni kweli, wala hatuwezi kumzuia. Ndiyo maana kinyesi ni cha kuangaliwa hata kama nyama inapikwa. Kizolewe kila siku kabla hakijalala, na kifukiwe mbali na bustani ya mboga. Mwenye mimba asikizoe yeye.

Kwa chakula, tulimshauri hivi. Nyama ya paka ichemshwe kwa maji machache mpaka wekundu uishe ndani, naye apewe pamoja na supu yake, maana taurini imo humo. Moyo wa ng'ombe au wa kuku ni mzuri sana. Chumvi si lazima, na kitunguu asiwekewe kabisa, kwa kuwa humharibu damu. Mifupa iliyopikwa iondolewe, huchoma koo na utumbo. Badala yake achanganyiwe dagaa waliochemshwa, ambao mifupa yao ni laini. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki yatosha.

Kliniki iliyofuata mama alikuja na mumewe. Paka bado yupo. Mume alikubali kupika, ingawa alinung'unikia mkaa. Kuhusu kuzoa kinyesi alitaka kumwachia binti yao wa miaka saba, tukamwambia hapana, hiyo ni kazi yake mwenyewe mpaka mtoto azaliwe.