Jiko la Mafuta la Pampu: Kazi ya Mwenyewe na Kazi ya Fundi

Twataka kuzungumza nanyi habari za jiko la mafuta ya taa, lile la shaba lenye pampu, ambalo wengi huliita Primus. Jiko hili lilibuniwa Stockholm, katika nchi ya Uswidi, mwaka 1892, na mtu aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist. Roald Amundsen alipofika Ncha ya Kusini ya dunia mwaka 1911, alikuwa akipikia jiko la namna hii. Basi chombo kilichostahimili baridi ile si dhaifu. Kikiharibika jikoni mwetu, mara nyingi ni kwa mikono yetu.

Yafaa kwanza kufahamu njia ya mafuta, kwani asiyeijua hawezi kujua yalipokwama. Ndani ya tangi mna mafuta, na juu yake mna hewa. Tupigapo pampu, hewa hushindiliwa, nayo huyasukuma mafuta yapande katika bomba mpaka kwenye kichwa cha jiko. Kichwa hicho kimekwisha kupashwa moto kwa spiriti iliyowashwa katika kisahani chake; kwa hiyo mafuta hugeuka kuwa mvuke, na mvuke hutoka kwa nguvu katika tundu dogo sana, ukachanganyika na hewa na kuwaka kwa rangi ya buluu.

Moto ukiwa wa manjano, wenye moshi na kurukaruka, kosa ni haraka yetu: kichwa hakikupata joto la kutosha. Fungua parafujo ya hewa, moto uzimike. Ngoja jiko lipoe, kisha uanze upya. Moto ukiwa wa buluu lakini mnyonge, tundu limeziba. Lizibue kwa sindano yake iliyouzwa pamoja na jiko, wala usitumie sindano ya kushonea, maana hulipanua tundu, na tundu likipanuka moto mzuri hupatikani tena mpaka ununue jingine. Pampu ikienda kama inayopiga hewa tupu, ngozi yake imekauka. Ichomoe, uilainishe kwa mafuta, uipanue kingo kwa vidole, uirudishe. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hii.

Mafuta yachujwe kwa kitambaa safi katika faneli, yasipite robo tatu za tangi, na yatiwe jiko likiwa limezimwa na limepoa. Petroli isitiwe kamwe, hata tone.

Hayo yote ni kazi ya mwenyewe. Lakini sisi tulivuka mpaka, na twaona si vibaya kuwaambia. Jiko la nyumbani kwetu lilianza kutoa mafuta kidogo kwenye kiungo cha tangi, jasho tu. Tuliona haya kumpelekea fundi kazi ndogo kama ile, sisi ambao kila siku twawafundisha wengine. Tukachukua kipande cha sabuni, tukakisugua juu ya ufa mpaka ukakauka. Siku tatu jiko likawaka vizuri, tukajisifu. Siku ya nne, uji wa watoto ukiwa motoni, sabuni iliyeyuka, mafuta yakaruka na kushika moto, na mama wa watoto akaungua mkono wa kulia hata kiwiko. Tuliuzima moto kwa mchanga, kwani maji huyatawanya mafuta yawakayo. Kovu lingalipo.

Fundi alituonyesha sababu. Tulikuwa tukipikia sufuria pana mno, nayo ilirudisha joto chini juu ya tangi. Viungo vya tangi hushikwa kwa lehemu, na lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwa nyuzi 183 za sentigredi, joto lisilo kubwa mbele ya moto wa jiko. Sabuni ina kazi yake, lakini ni kutafuta ufa tu: jiko likiwa baridi na limepigwa pampu, pakaa povu kwenye viungo, na palipo na ufa povu litafura. Ukiuona, toa hewa, mwaga mafuta, uende kwa fundi. Usijaribu kulehemu mwenyewe. Tangi lililomwagwa mafuta bado lina mvuke ndani, na mvuke huo hulipuka. Fundi hulisafisha kwanza kabla ya kulitia moto.

Kadhalika, mpini wa pampu ukijiinua wenyewe, au mafuta yakionekana ndani ya bomba la pampu, kilango kidogo kilicho chini yake hakizuii tena. Kilango hicho hufunguliwa kwa spana yake maalum, na tumeona watu wakikibana kwa koleo mpaka kikakatikia ndani, gharama ikawa mara mbili. Kichwa kilichopasuka nacho hakitengenezwi, hubadilishwa.

Ulipelekapo jiko, mweleze fundi ni lini kosa lilianza, na kama ulikwisha kulichokonoa, mwambie, hata ikiwa ni aibu. Na kabla ya kumlipa, mwombe alipige pampu mbele yako, alizamishe tangi katika ndoo ya maji, nanyi nyote wawili mtazame kama yatatoka mapovu.