Guka Wako Alikuwa Mau Mau? Anzia kwa Shosho

Marekani kuna chama cha akina dada, Daughters of the American Revolution, kilichoanza 1890. Kuingia, lazima uonyeshe kwa makaratasi, kizazi kwa kizazi, kwamba mhenga wako alisaidia kung'oa Mwingereza. Mathare pia tuko na hiyo damu. Shida ni makaratasi.

Mau Mau walijificha huku kwetu. Aprili 24, 1954 mkoloni akaanza Operation Anvil: maelfu wakashikwa Nairobi, wakachujwa Lang'ata, wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Mau Mau ilibaki marufuku hadi 2003, so wazee wengi walinyamaza. Uingereza ilipokubali kulipa fidia 2013, waliolipwa ni 5,228 tu.

Utaanzaje? Kaa chini na shosho, umrekodi na simu. Uliza majina yote ya guka, kijiji chao, na riika lake, yaani kundi alilotahiriwa nalo. Kwa Wakikuyu riika ni muhimu juu majina hurudiwa: kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya buda yake. Boma moja unaweza pata Kamau watatu. Uliza pia kama kuna kipande ama barua ya kambi kwa sanduku.

Ukishapata hizo, ingia Archives pale Moi Avenue. Faili zingine Mwingereza alibeba; siku hizi ziko Kew, London.

Archives haiendi mahali. Lakini aliyekuwa msichana 1954 saa hii amepita 80. Mpigie leo.