Floraidi Haitoki kwa Kuchemsha

Chemsha maji ya kunywa. Agizo hilo tumelisikia tangu shule ya msingi, na ni agizo jema. Maji yakitokota kwa dakika moja, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hufa, na mama anayeyaacha yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa amewakinga wanawe na maradhi yanayoua upesi. Lakini ukitoka Arusha kuelekea Moshi, ukapita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, uko katika eneo ambalo kuchemsha ni nusu tu ya kazi. Maji ya visima na chemchemi nyingi chini ya Mlima Meru yana floraidi, na floraidi haifi motoni kwa sababu haikuwa na uhai tangu mwanzo. Ni madini yaliyoyeyuka. Mvuke unapaa, yenyewe inabaki. Chukua lita 10 za maji yenye miligramu 4 za floraidi kwa lita, uyachemshe hadi zibaki lita 8: kila lita sasa ina miligramu 5.

Chanzo chake ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na miamba yake ina sodiamu nyingi na kalisi haba. Penye kalisi ya kutosha, floraidi hukamatwa nayo, vikatuama pamoja kama jiwe, na maji yakabaki na kiasi kidogo. Maji ya Meru ni ya asili ya magadi, hayana kalisi ya kufanya kazi hiyo. Mvua inapenya kwenye majivu ya volkano na vifusi vilivyoporomoka kutoka mlimani zama za kale, inaichukua floraidi njiani na kushuka nayo hadi kisimani. Kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kiwango hufika mamia ya miligramu kwa lita. Hali hii inafuata Bonde la Ufa: iko Nakuru na Naivasha nchini Kenya, na iko Ethiopia.

Macho hayasaidii, wala ulimi. Wageni wakiona rangi ya kahawia ya mto unaopita Maji ya Chai huishuku rangi hiyo, kumbe floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vinavyodhuru huwezi kuionja. Glasi ya maji maangavu kutoka kisima kirefu inaweza kuwa nayo nyingi kuliko maji ya mto. Visima viwili katika kijiji kimoja vinaweza pia kupishana sana, kwa kuwa kila kimoja kimefikia tabaka lake la mwamba. Jibu la kisima cha jirani si jibu la kisima chako.

Floraidi kidogo ni kinga. Ndiyo maana imo katika dawa za meno, na maji yenye chini kidogo ya miligramu moja kwa lita hupunguza kuoza kwa meno. Balaa ni kuzidi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango kikiwa kati ya miligramu 3 na 6, na mtu akayanywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa huanza kuathirika. Kikipita 10, watu hulemaa.

Madhara hayo huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Jino la ukubwani halianzi kujengwa siku linapochomoza. Huanza ndani ya taya, mtoto akiwa bado mchanga, na sehemu kubwa ya ujenzi huo huwa imekamilika kabla hajatimiza miaka minane. Meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu akicheka, hupata umbo la enameli yake zaidi katika miaka mitatu ya kwanza. Floraidi ikizidi wakati huo, enameli haikomai sawasawa na hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Jino linatoka na madoa meupe yasiyong'aa, kisha vitundu vinafyonza rangi, madoa yanageuka kahawia, na hali ikiwa mbaya jino huchimbika na kumeguka. Kwa hiyo mzazi anapoliona doa kwa mtoto wa darasa la pili, maji yaliyolileta alishayanywa zamani, kwenye uji. Kupiga mswaki hakuliondoi. Daktari wa meno anaweza kulifunika, kwa gharama ambayo familia nyingi hazina.

Kwenye mifupa kazi ni ya polepole zaidi. Mfupa umejengwa kwa madini yanayoitwa apataiti, na ndani yake kuna nafasi ambayo floraidi inaingia kwa urahisi na kung'ang'ania. Figo hutoa sehemu ya floraidi mtu anayokunywa, na karibu yote inayobaki mwilini huishia kwenye mifupa na meno. Mwaka hadi mwaka mfupa unakuwa mzito lakini wenye mpangilio mbovu, kano zinashika madini, mgongo unakakamaa, viungo vinauma. Mtoto asiyepata kalisi ya kutosha katika chakula anaweza kupinda miguu. Hakuna dawa ya kuunyoosha mfupa uliokwisha kuharibiwa hivyo. Tiba pekee yenye maana ni kubadili maji mapema.

Na kubadili maji kunafanya kazi. Jambo hili limethibitishwa kwa muda mrefu. Mwaka 1923 daktari wa meno Mmarekani, Frederick McKay, alifika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, baada ya wazazi kulalamika kwamba watoto wao wanaota meno ya kahawia. Madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto iliyo maili tano nje ya mji. McKay hakujua kilichomo majini. Alipopima hakuona cha ajabu. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba hilo na kutumia chemchemi nyingine iliyokuwa karibu. Baada ya miaka michache, watoto wadogo walikuwa wanaota meno meupe. Jina la mkosaji lilipatikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya mji mdogo wa Bauxite, jimbo la Arkansas, akakuta miligramu 13.7 za floraidi kwa lita. Wazazi wa Oakley walikuwa wameshawaokoa watoto wao kabla sayansi haijalitaja tatizo, kwa sababu waliona, wakauliza, na mji ukakubali kubadili chanzo.

Tanzania ilichukua njia ndefu. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita. Uamuzi huo ulifanywa kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, na kufunga kisima kungewarudisha watu kwenye madimbwi. Baadaye ukomo ulishushwa hadi miligramu 4, na mwaka 2018 ukafika 1.5. Naielewa sababu ya 1974, lakini gharama yake imebebwa na kizazi kizima kilichofunika mdomo kwa kiganja kila kinapocheka. Sheria ya leo ni nzuri. Kilichobaki ni kuifikisha kwenye bomba la mwisho la kitongoji cha mwisho.

Kazi kubwa imefanyika hapo hapo Meru. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi Ngurdoto, kilichojikita katika mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni husafishwa na kuchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kisha husagwa kuwa chenga. Maji yakipita kwenye chenga hizo, floraidi inanaswa na apataiti ileile inayoinasa ndani ya miili yetu. Mfupa wa ng'ombe unameza sumu ambayo ungemeza wa mtoto. Huko Nakuru, Dayosisi ya Katoliki imetumia njia hiyo pia kutengeneza chujio za nyumbani na za jumuiya.

Uchomaji una ufundi wake. Mfupa ambao haukuiva vizuri hubaki wa kahawia na huyapa maji harufu na ladha ya nyama, na familia huacha kuyanywa. Uliochomwa kupita kiasi huwa mweupe, nao hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kunasa floraidi. Unaotakiwa ni mweusi. Hata mweusi huo hujaa. Siku chujio inapojaa, maji hayabadiliki rangi wala ladha; yanaendelea kutiririka maangavu yakiwa na floraidi yote. Kwa maoni yangu, hapa ndipo miradi mingi ya chujio inapopotea: watu wanapewa ndoo, hawapewi ratiba ya kupima wala mahali pa kubadilisha mkaa. Chujio isiyopimwa ni hatari kuliko kukosa chujio, kwa sababu inaondoa tahadhari. Dokta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio inayounganisha mchanga na vitu vya kiwango cha nano, alianza na wazo sahihi: pima kwanza kilichomo kwenye maji ya mahali husika, ndipo utengeneze chujio ya mahali hapo.

Njia nyingine ya kuondoa floraidi, ya shabu na chokaa, iliyopewa jina la Nalgonda huko India, inafaa zaidi kwenye mtambo wenye mtaalamu. Nyumbani ni rahisi kukosea kipimo, ukabaki na alumini majini.

Nyumbani silaha nzuri ni mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na si lazima yatoshe kwa kila kitu. Floraidi haidhuru ikiogewa au kufuliwa, inadhuru ikimezwa. Tenga maji ya mvua kwa kunywa na kupikia tu, na anza na watoto wadogo. Ukijua kiwango cha kisima chako unaweza hata kuchanganya: kikiwa na miligramu 6 kwa lita, ndoo moja ya kisima na ndoo tatu za mvua hutoa 1.5. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga, kisha chemsha au tibu kwa vidonge vya klorini, maana kinyesi cha ndege kwenye paa nacho kina vijidudu. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na koki, si ndoo inayochotwa kwa kikombe na kila mkono. Tangi lifunikwe kwa wavu mbu wasizaliane humo, na tangi la chini ya ardhi liwe na mfuniko mzito wenye kufuli. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata kwenye ndoo, dakika chache tu ambazo mama ameinama jikoni.

Kuna mambo mawili ambayo hayasemwi vya kutosha kliniki. La kwanza ni maziwa ya mama. Yana floraidi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji yenye nyingi, kwa hiyo kunyonyesha bila kumpa mtoto maji kwa miezi sita ya mwanzo ni kinga ya meno pia. La pili ni magadi. Magadi tunayotia kwenye makande, maharage na mlenda ili vilainike upesi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na kiasi chake hubadilika kutoka fungu moja hadi jingine. Familia inaweza kuhangaika na maji mwaka mzima, kumbe sumu inaingia kwa kijiko. Loweka maharage usiku kucha, na sufuria ya mtoto isitiwe magadi.

Bado, mzigo huu haupaswi kuachiwa mama na sufuria yake. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, wakala wa maji vijijini, RUWASA, unasimamia miradi ya huko, na jumuiya za watumia maji zinakusanya fedha kwenye kila bomba. Kipimo cha floraidi kinatakiwa kiandikwe kwa rangi kwenye kila kituo cha kuchotea maji, pamoja na tarehe kilipochukuliwa, ili anayesoma aamue ajaze ndoo ya kunywa au ya kufulia. Kama unaishi Usa River, Maji ya Chai, Ngarenanyuki au popote chini ya Meru, nenda kwenye mkutano ujao wa jumuiya yako ya maji na uombe namba hiyo. Wasipokuwa nayo, ombeni kisima kipimwe, na msiondoke bila tarehe.