KIOO KIPANA NA MUHURI ULIOGEUKA YAI

Daftari la michango ya wanachama, ambalo zamani lilikaa kabatini chini ya ufunguo wa mhazini, leo mara nyingi limo ndani ya kompyuta. Katibu husoma tarakimu zake katika kioo kipana ambacho pengine kimenunuliwa kipya na kuunganishwa na kompyuta iliyokuwapo. Ndipo malalamiko yanapoanza: maandishi yana ukungu, 3 inafanana na 8, na muhuri wa chama ulio duara unaonekana kama yai lililolazwa. Wanakamati huamua kwamba kioo ni kibovu na fedha za wanachama zimepotea. Mara nyingi kioo hicho hakina ila yoyote.

Chanzo chake ni umbile la vioo vyenyewe. Vioo vya zamani, vile vyenye kisogo kikubwa, vilichora picha kwa mwali uliopita mstari baada ya mstari. Ndivyo zilivyokuwa seti za televisheni ya rangi zilizoingia Zanzibar katika miaka ya 1970, ambazo upana wake ulikuwa 4 kwa urefu wa 3. Mwali haukufungwa na idadi moja ya vitone, kwa hiyo kipimo cha picha kilipobadilishwa kioo kilivumilia. Kioo bapa hakivumilii. Vitone vyake vimepangwa kama vigae vya sakafu, havizidi wala havipungui. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina vitone 2,073,600, na hicho ndicho kipimo chake cha asili.

Kompyuta ikipeleka picha ya 1280 kwa 720, kila kitone cha picha hiyo kinatakiwa kukalia kitone kimoja na nusu cha kioo, kwa upana na kwa urefu. Nusu ya kitone haipo. Kioo hulazimika kuchanganya rangi za vitone jirani, na mpaka baina ya weusi wa herufi na weupe wa ukurasa ukawa kijivu. Kwa picha ya majahazi ya Malindi jambo hili halidhuru sana. Kwa safu ya tarakimu ndogo ni hatari, maana mvuvi aliyeweka akiba ya shilingi 38,000 aweza kusomewa 33,000, na ugomvi ukazuka mkutanoni pasipo mwizi.

Umbo ni jambo la pili, nalo huwapoteza watu zaidi. Picha ya 1024 kwa 768 ina umbo la 4 kwa 3, bali kioo kipana ni 16 kwa 9. Picha hiyo ikivutwa ijaze kioo chote, kila kitu huongezewa upana kwa theluthi moja kupita inavyostahili. Hata ule mnara uliochongoka wa msikiti wa Malindi huonekana umenenepa. Katibu akiuona muhuri umekuwa yai, akaubana mpaka uwe duara kiooni, ndipo ameuharibu kweli. Mashine ya kuchapa haifuati kioo, hufuata vipimo vilivyomo katika waraka. Karatasini muhuri utatoka mwembamba na mrefu, na barua ya chama ikifika benki au kwa Mrajis itatiliwa shaka.

Kwa nini basi kompyuta ipeleke kipimo kisicho chake? Pengine mtu amekichagua kwa makusudi. Mhazini mwenye macho ya utu uzima hupunguza kipimo ili herufi zikue, naye hazikui tu, zinafifia pia. Yafaa kipimo cha asili kiachwe, na maandishi yakuzwe kwa asilimia 125 au 150 katika mipangilio hiyo hiyo. Pengine fundi ameweka Windows upya bila programu inayoendesha kadi ya picha, na kipimo sahihi hakimo kabisa katika orodha. Au kosa ni la waya. Waya wa VGA una pini 15, na baadhi yake ni za kioo kuiarifu kompyuta vipimo vyake. Ikivunjika moja, au ikaliwa na kutu kwa hewa ya chumvi ya bandarini, kompyuta hubaki kubahatisha.

Katika Windows 10 na 11, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, ufungue mipangilio ya skrini, uchague kipimo chenye neno «Recommended». Kioo kikiwa cheusi, usiguse kitu: baada ya sekunde 15 hivi kipimo cha awali hurejea chenyewe. Ikiwa chama kina programu kongwe ya hesabu inayodai umbo la 4 kwa 3, kioo kiamrishwe kuhifadhi umbo hilo badala ya kulivuta. Katika kioo cha 1920, picha itachukua vitone 1440 na kuacha mstari mweusi wa vitone 240 kila upande. Mistari hiyo si ubovu, na asiitwe fundi kwa ajili yake.

Kabla kamati haijaidhinisha malipo ya kioo kipya, katibu aichukue dukani kompyuta ya chama pamoja na waya wake, kioo kiwashwe hapo, na ukurasa mmoja wa daftari la michango usomwe.